Walimu wa Herufi wa Munich

Wewe msomaji unayeupitishia macho ukurasa huu, bila shaka hukuziona herufi zake. Umeyaona maneno, na nyuma ya maneno umeiona maana. Lakini herufi zenyewe, unene na wembamba wake, na nafasi nyeupe iliyoachwa baina ya mstari na mstari, hivyo vyote umevipita kama mtu apitavyo mlangoni bila kuutazama mlango. Walakini mlango ulitengenezwa na seremala, na ukurasa nao una fundi wake. Yuko mtu aliyekaa akapima: mstari uwe mrefu kiasi gani hata jicho lisichoke? Kichwa cha habari kikae katikati au kando? Ufundi huo huitwa taipografia, nao hufundishwa vyuoni kama ualimu na udaktari vinavyofundishwa.

Nataka kukusimulia habari za chuo kimoja cha ufundi huo katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, na habari za walimu wake wawili waliokamatwa na kufungwa katika mwaka wa 1933. Watu hao hawakuwa na jeshi wala silaha. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha vijana kupanga herufi. Basi swali litakalotuongoza ni hili: mwalimu wa herufi ana jambo gani hata serikali imwogope?

Hapana budi kwanza tuzijue herufi za Wajerumani. Johannes Gutenberg alipoikamilisha Biblia yake ya chapa katika mji wa Mainz, yapata mwaka 1455, alitumia herufi nyeusi zenye pembe, kwa kuwaiga watawa walioandika kwa kalamu yenye ncha pana. Baadaye wapiga chapa wa Italia walichagua herufi za mviringo, tunazoziita za Kirumi. Na hizo ndizo zilizoenea Ufaransa, Uingereza na kwingineko, na ndizo unazozisoma sasa. Lakini Wajerumani hawakuziacha zile zenye pembe. Mwanzoni mwa karne ya kumi na sita ikatokea aina yake iitwayo Fraktur, maana yake "iliyovunjika", kwa kuwa kila mahali ambapo herufi ya Kirumi ingepinda, hiyo huvunjika kama kijiti kikavu. Kwa miaka mia nne Wajerumani walikuwa na herufi za namna mbili, na watu waligombana juu yake. Hata Bunge la nchi hiyo lililijadili jambo hilo katika mwaka wa 1911, wala halikulimaliza. Waliozipenda herufi za Kirumi walisema kwamba ulimwengu wote unazisoma. Waliozipenda Fraktur walisema kwamba hizo ni roho ya Mjerumani.

Sisi tusomao Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka. Washairi wa Lamu na Pate waliziandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu, na vitabu vya shule vilipokuja na herufi za Kirumi, walikuwako watu wazima, wenye elimu yao, waliojikuta ghafula wanahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Anayebadili herufi hubadili pia nani aitwe msomi.

Sasa tumtazame mwalimu wa kwanza. Jina lake ni Paul Renner, naye alizaliwa mwaka 1878 katika mji wa Wernigerode. Alisomea uchoraji, kisha akaingia katika kazi ya kuvisanifu vitabu vya mchapishaji mmoja wa Munich. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu za kizamani, apendaye falsafa. Wala hukumdhania kuwa mtu wa mapinduzi. Katika mwaka wa 1926 aliitwa akiongoze chuo cha ufundi wa chapa cha mji huo, na mwaka uliofuata kikafunguliwa pamoja nacho chuo cha juu zaidi, kilichoitwa Chuo cha Mabingwa wa Wapiga Chapa wa Ujerumani. Wanafunzi wake walikuwa vijana waliokwisha kumaliza uanagenzi viwandani. Mikono yao ilijua kuziokota herufi za risasi moja moja kutoka katika sanduku lenye vyumba vidogo, na kuzisimamisha kichwa chini katika chuma cha kupangia, kwa haraka kuliko wewe uwezavyo kuandika kwa kalamu. Walikuja kujifunza usimamizi wa kiwanda na hesabu zake. Lakini zaidi walikuja kujifunza sababu za mambo waliyokuwa wakiyafanya kwa mazoea, maana kiwandani hakuna mwenye nafasi ya kukueleza sababu.

Mwaka huohuo wa 1927 zilitoka herufi alizozibuni Renner mwenyewe, zikaitwa Futura. Kwa mtazamo wa kwanza herufi hizo ni kazi ya bikari na rula tu: O ni duara, na hakuna vikia wala madoido. Chunguza vizuri zaidi, utaona sivyo. Mahali ambapo tumbo la herufi ndogo linakutana na mguu wake, Renner alilipunguza unene, kwa sababu mistari miwili ikikutana bila kupunguzwa hufanya doa jeusi linaloliudhi jicho. Na vipimo vya herufi kubwa, E nyembamba na O pana, alivitwaa kutoka katika maandishi ya kale yaliyochongwa mawe na Warumi. Yaani herufi zilizosifiwa kuwa mpya kuliko zote zilikuwa na umri wa miaka elfu mbili. Jambo hili hunipendeza sana, na kila mwaka huwaambia walimu-wanafunzi wangu wanaodhani kuwa mambo ya kisasa huanza kwa kuchoma ya zamani.

Mwalimu wa pili alikuwa wa namna nyingine kabisa. Huyu ni Jan Tschichold, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1902. Baba yake alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka, na mtoto alikua baina ya makopo ya rangi na burashi. Alitaka kuwa msanii, lakini wazazi wake waliona kwamba usanii haujazi sufuria, wakampeleka katika chuo cha ualimu cha Grimma awe mwalimu wa kuchora. Huko alikisoma kwa bidii kitabu cha Mwingereza Edward Johnston juu ya uandishi wa herufi, akajifunza kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaingia chuo cha sanaa ya vitabu cha Leipzig, na alipokuwa hajatimia miaka ishirini alipewa kufundisha darasa la jioni la uandishi wa herufi.

Mwezi wa Agosti 1923 alikwenda Weimar kuyatazama maonyesho ya chuo kilichoitwa Bauhaus, mahali ambapo wasanii walijaribu kuunganisha sanaa na kazi ya mashine. Alirudi mtu mwingine. Alivutwa sana na kazi za wasanii wa Urusi, hata akalibadili jina lake akajiita Iwan. Renner alipomtaka aje kufundisha Munich mwaka 1926, alimwonya kwamba katika mji ule, ambako chama cha Hitler kilizaliwa, mwalimu mwenye jina la Kirusi hatavumiliwa. Akawa Jan. Angalia jambo hili, msomaji: hata kabla kijana huyo hajaingia darasani, herufi nne za jina lake zilikwisha kuwa neno la siasa.

Je, walifundisha nini? Tschichold alikuwa na madarasa ya kupanga chapa na ya kuandika herufi kwa kalamu. Katika mwaka wa 1928 aliyaandika mawazo yake katika kitabu kiitwacho *Die neue Typographie*, yaani taipografia mpya. Alisema kwamba mafundi wa zamani walizoea kuweka kila kitu katikati ya ukurasa, kisha wakakizungushia mapambo. Na kwamba mpango huo humfanya msomaji atafute neno kuu, ilhali fundi ndiye aliyepaswa kumtafutia. Tangazo la mkutano lina mambo manne ambayo mtu anataka kuyajua: ni nini, wapi, lini, kwa kiasi gani. Basi fundi ayapime kwa uzito wake, lililo kubwa alikuze, lililo dogo alipunguze, na nafasi nyeupe aitumie kama mjenzi atumiavyo ua wa nyumba. Mwenyewe aliyafanya hayo katika mabango ya sinema ya Phoebus-Palast hapo Munich, ambayo maneno yake hukimbia kwa mshazari kama treni ipandayo mlima, na ambayo makumbusho ya sanaa yanayatunza mpaka leo.

Alihimiza pia vipimo vya karatasi vilivyowekwa Ujerumani mwaka 1922. Hivyo unavijua, ijapokuwa hujui kwamba unavijua. Karatasi iitwayo A4, milimita 210 kwa 297, ukiikunja nusu kwa upana wake unapata A5, yenye umbo lilelile. Ukiikunja hiyo tena unapata A6, na umbo halibadiliki. Hakuna kipande kinachopotea kiwandani. Fanya jaribio hilo kwa karatasi ya mtihani wako ukiisha kurudishiwa, ikiwa alama zake hazikufanyi uifiche.

Lakini somo lililo gumu kuliko yote katika ufundi huu halihusu mapinduzi wala vipimo vya serikali. Nitakueleza kwa mfano wangu. Twaa rula, andika neno LAMU kwa herufi kubwa za mistari minyofu, na baina ya kila herufi na jirani yake acha nafasi ileile, tuseme milimita tatu. Sasa isogeze karatasi mbali kidogo, ulitazame neno. Utaona kwamba L na A zimeachana, kana kwamba zimegombana, maana L haina kitu upande wake wa juu, na A nayo imeinama. Baina yake pana shimo. M na U, ambazo zinakabiliana kwa nguzo mbili zilizosimama, zinaonekana zimebanana. Rula inasema nafasi ni sawa. Jicho linasema si sawa. Katika kazi hii anayetii rula ameshindwa, na anayetii jicho hana budi kulifundisha jicho lake kwa miaka. Ndiyo maana Tschichold, aliyesifu mashine kwa maneno makali, alifundisha pia kalamu na wino.

Nami naona hapa ndipo penye jibu la swali letu. Fundi aliyefundishwa hivyo amezoea kuuliza, kwa kila pambo analoletewa: hili linamsaidia msomaji, au linamtukuza mwenye kulipa? Zoezi hilo likimwingia mtu katika mapambo ya ukurasa, halikai huko tu.

Renner alilitumia mwenyewe. Wanazi, wafuasi wa Hitler, walikuwa wakiibandika sanaa yote mpya jina la "Ubolsheviki wa utamaduni", kwa maana kwamba inatoka kwa maadui wa taifa. Katika mwaka wa 1932 Renner aliandika kijitabu chenye jina hilohilo la kashfa, akaliongezea alama moja tu ya kuuliza, *Kulturbolschewismus?*, na humo akaipinga hoja yao na chuki yao. Kilichapishwa Zürich, katika nchi ya Uswisi. Kumbuka kwamba alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mkuu wa chuo, mwenye mshahara wa mji, na aliishi katika mji uleule wa Hitler. Alijua anachokifanya.

Hitler alishika serikali tarehe 30 Januari 1933. Mwezi wa Machi, Wanazi walipoitwaa Bavaria, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Tschichold. Walikuta mabango ya Kisovieti, ambayo kwa mwalimu wa sanaa ni vielelezo vya kazi, na kwao yalikuwa ushahidi. Alikamatwa yeye na mkewe Edith. Yeye akakaa kifungoni wiki kadhaa, akapoteza kazi yake. Tarehe 4 Aprili akakamatwa na Renner. Huyu aliachiliwa upesi, lakini hakuruhusiwa kurudi katika kiti chake, na baadaye akaondolewa kabisa katika utumishi. Mwaka huohuo Tschichold na jamaa yake walihamia Basel, Uswisi.

Uongozi wa chuo alipewa Georg Trump, naye alikuwa bingwa wa herufi kwa kweli, aliyewahi kufundisha hapo chini ya Renner. Hivyo chuo hakikufungwa, wala ufundi haukukoma. Walakini upepo ulikuwa mwingine. Ujerumani nzima herufi zenye pembe zilirudi kwa kishindo, na viwanda vikatoa aina mpya, nyeusi, ngumu, zilizonyooka kama gwaride. Mafundi wa chapa, ambao siku zote wana ulimi mkali, walizipachika jina la herufi za buti za askari. Wakuu walisema kwamba hizo ndizo herufi za damu ya Kijerumani.

Kisha likatokea jambo ambalo lau lingekuwa katika hadithi ya kubuni, ungemlaumu mwandishi kwa kutia chumvi. Kufikia mwaka 1941 Hitler alikuwa ameteka nchi nyingi za Ulaya, na watu wa nchi hizo hawakuweza kuzisoma amri zilizopigwa chapa kwa Fraktur. Tarehe 3 Januari 1941 ukatoka waraka uliotiwa sahihi na Martin Bormann, ukisema kwa niaba ya Hitler kwamba herufi zenye pembe si za Kijerumani hata kidogo. Kwamba ni herufi za Kiyahudi. Na kwamba tangu sasa herufi za Kirumi ndizo herufi za kawaida. Habari hiyo ya Wayahudi ilikuwa uongo mtupu. Na jina la chama, juu kabisa ya karatasi ya waraka huo, lilikuwa limepigwa chapa kwa Fraktur. Watoto waliofundishwa kwamba herufi zao ni damu yao wakaamriwa kuzisahau baada ya likizo. Renner na mwenzake walikwisha kuondolewa miaka minane kabla, na hakuna aliyewaomba radhi.

Tschichold huko ugenini aliishi kwa kibali na kwa kazi za vipande vipande. Taratibu alianza kuweka tena vichwa vya vitabu katikati ya ukurasa, kama wale wazee aliowashambulia. Wenzake walikasirika, na mwaka 1946 msanii wa Uswisi Max Bill alimshutumu hadharani kwamba amekisaliti kile alichokianzisha. Tschichold alijibu kwamba katika ukali wake wa ujana, katika kutaka watu wote wafuate njia moja ya kupanga, alikuwa akiona sasa kitu kinachofanana na ukali wa wale waliomfunga. Mimi sidhani kwamba alijitendea haki. Kijana anayewalazimisha mafundi waache mapambo si sawa na mtu anayevunja milango ya watu usiku. Ila namheshimu kwa sababu moja: mtu aliyefungwa kwa ajili ya maoni yake hupata haki, machoni pa watu, ya kutoyabadili milele, naye aliikataa haki hiyo. Alisema kwamba kitabu cha hadithi na bango la sinema havisomwi namna moja, kwa hiyo havipangwi namna moja. Huo ndio uleule utumishi kwa msomaji aliouhubiri Munich, nao ulimfikisha mahali ambapo hakupatarajia.

Renner hakurudishiwa chuo chake. Aliishi kimya kando ya Ziwa Konstanz, akichora na kuandika, akafa mwaka 1956. Miaka kumi na mitatu baadaye Wamarekani wawili walitua mwezini, na chombo chao kikaacha huko bamba la chuma lenye maneno machache kwa ajili ya wanadamu wote. Maneno hayo yameandikwa kwa Futura.

Ama Tschichold, aliitwa Uingereza mwaka 1947 na kampuni ya Penguin, iliyouza vitabu vya bei nafuu kwa maelfu na maelfu, ili avitengeneze upya. Alikaa mpaka mwaka 1949, akasimamia vitabu zaidi ya mia tano, akaandika kanuni za kupanga chapa zisizozidi kurasa nne. Vitabu vilipigwa chapa katika viwanda vingi, na kila kiwanda kilikuwa na wazee wake waliojua kazi kabla yeye hajazaliwa. Kila siku aliletewa karatasi za kusahihisha, mara nyingi za vitabu kumi kwa siku moja, na katika kila ukurasa wa jina aliliona kosa lilelile, kosa la LAMU. Hatimaye alichoka kuliandika kwa mkono. Akaagiza atengenezewe muhuri wa mpira, wenye maneno ya kuwataka mafundi wazisawazishe nafasi za herufi kwa jinsi jicho linavyoziona. Akaugonga muhuri huo karatasi kwa karatasi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba haukusaidia kitu, na kwamba wazee wale waliendelea kutia vipande vya risasi vya unene mmoja baina ya kila herufi na jirani yake.